KALAMU NA KARAMU: NENO LA DARASANI NKUBU MBELE YA MASHAHIDI WA KIGIRIKI NA KISLAVI

Utangulizi

Mwanafunzi wa Nkubu anapoandika katika insha yake kwamba alinunuliwa "karamu mbili za wino", mwalimu hulizungushia neno hilo duara jekundu na kupunguza alama. Wenzake hucheka, kwani katika Kiswahili sanifu karamu ni mlo wa sherehe, na hakuna sherehe ya wino. Hali hii si ngeni kwa yeyote aliyefundisha Kiswahili kando ya barabara inayotoka Meru, ikapitia Nkubu na Chogoria, hadi Embu. Kosa lipo, na makala haya hayakusudii kulihalalisha. Maana ya sentensi imepotea, na kazi ya tahajia sanifu ni kuilinda maana.

Hata hivyo, pamoja na duara hilo jekundu huja hukumu nyingine ambayo haiandikwi daftarini. Husemwa kwamba mzungumzaji wa Kimeru ameliharibu neno ambalo Waswahili walilipokea likiwa safi kutoka kwa Waarabu. Hukumu hii imejengwa juu ya madai mawili ya kihistoria. Dai la kwanza ni kwamba neno kalamu ni la Kiarabu kwa asili. Dai la pili ni kwamba kuibadili sauti ya neno la kigeni ni kuliharibu neno lenyewe. Madai ya kihistoria hayathibitishwi kwa kicheko wala kwa mazoea, bali kwa ushahidi. Makala haya basi yanadhamiria kuifuatilia etimolojia ya neno kalamu kutoka Nkubu kurudi nyuma hadi Kiarabu, Kigiriki na Kilatini, kisha kuziita lugha za Kislavi zitoe ushahidi. Huenda msomaji akashangaa Warusi na Wapolandi wanahusianaje na kalamu ya Nkubu. Itabainika kwamba, bila wao, kesi hii isingeamuliwa kwa urahisi.

Njia ya kuichunguza asili ya neno

Kabla ya kuanza safari ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya, yaani urithi na ukopaji. Lugha hurithi neno inapolipokea kutoka kwa lugha mama, kama vile Kiswahili na Kimeru zilivyorithi maneno ya Kibantu. Lugha hukopa neno inapolipokea kutoka kwa lugha nyingine waliyokutana nayo wazungumzaji wake, kwa biashara, dini, utawala au elimu.

Kufanana kwa maneno pekee hakutoshi kuamua ni lipi kati ya mambo haya mawili lililotokea. Mtaalamu wa isimu historia hutafuta ulinganifu wa sauti unaojirudia katika maneno mengi. Tuchukue mfano wa karibu. Kiswahili husema lima, Kiimenti husema rima. Kiswahili husema ulimi, Kiimenti husema rurimi. Kiswahili husema mlima, Kiimenti husema kirima. Pale Kiswahili kinapokuwa na l, Kiimenti kina r, tena katika maneno ya msingi ambayo hakuna aliyehitaji kumkopa mwenzake. Hatuwezi kusema kwamba Wameru waliyaharibu maneno ya Kiswahili, wala kwamba Waswahili waliyaharibu ya Kimeru. Sauti hizo mbili ni ndugu wa baba mmoja, kila moja ikiwa imechukua njia yake kutoka Kibantu cha kale. Lahaja za mashariki ya Mlima Kenya zimechunguzwa kwa undani, hasa katika utafiti wa W. J. G. Möhlig uliochapishwa mwaka wa 1974, na hata miongoni mwa Wameru wenyewe hali haifanani kila mahali. Kaskazini, katika Igembe, kuna mji wa Laare ambao jina lake linaanza kwa l bila shida yoyote.

Kanuni hii ya ulinganifu wa sauti ndiyo itakayotuongoza. Tuiweke akilini, kwa maana tutaikuta tena mbali sana na Imenti.

Kalamu katika Kiswahili

Kalamu ni nomino ya ngeli ya I-ZI: kalamu hii imeisha wino, kalamu hizi zimeisha wino. Neno hili ni kongwe katika Kiswahili. Karne nyingi kabla ya shule za wamisionari, wasomi wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na chombo chao kilikuwa tete lililochongwa ncha. Utenzi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Chuo cha Herekali, uliandikwa Pate mwaka wa 1728, nao ni miongoni mwa kazi kongwe zaidi za Kiswahili zenye tarehe. Ni desturi inayojulikana vyema katika utenzi kwamba mtunzi huanza kwa kuagiza karatasi, wino na kalamu kabla ya kusimulia kisa chake. Basi kalamu si neno la dukani tu. Ni mojawapo ya maneno yanayofungua fasihi yetu andishi.

Umbo lake linaeleza limetoka wapi. Neno la Kiarabu ni qalam, linaloishia kwa konsonanti, ilhali silabi ya Kiswahili hupendelea kuishia kwa irabu. Kiswahili kimeongeza irabu kwa utaratibu unaojulikana. Baada ya konsonanti za midomo huongezwa u, kama katika kitabu, adabu, salamu, elimu na kalamu. Baada ya konsonanti nyingi zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi huongezwa i, kama katika kaburi, kandili na karatasi. Aidha, sauti q ya Kiarabu, ambayo hutamkwa nyuma kabisa penye kimeo, imegeuka kuwa k ya kawaida. Mabadiliko haya mawili ni ya kanuni, na yanatosha kuthibitisha kwamba Kiswahili kilikopa neno hili kutoka Kiarabu.

Walimu wengi huishia hapa. Kwenye ubao huandikwa "kalamu, asili yake Kiarabu", na mjadala hufungwa. Lakini swali la etimolojia halifungwi kwa kumtaja mkopeshaji wa mwisho. Aliyekukopesha jembe huenda naye aliliazima kwa jirani.

Kiarabu: mwenye mali au mkopaji?

Katika Kiarabu, qalam ni neno lenye heshima kubwa. Sura ya 68 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo, na kalamu inatajwa pia katika Sura ya 96, ambayo aya zake za mwanzo huhesabiwa na Waislamu kuwa za kwanza kuteremshwa. Wingi wake ni aqlām, umbo linaloonyesha jinsi neno lilivyozoea kabisa sarufi ya Kiarabu.

Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walilieleza neno hili kwa kulihusisha na kitenzi qalama, chenye maana ya kukata au kupunguza, kama mtu anavyopunguza kucha zake. Kwa mujibu wao, tete huitwa qalam kwa kuwa huchongwa. Maelezo haya yana mantiki yake na hayafai kupuuzwa. Kalamu ya tete huchongwa kweli, na mizizi ya konsonanti tatu ndiyo msingi wa Kiarabu. Kama maelezo haya ni sahihi, neno ni la Kiarabu na safari yetu imekwisha.

Tatizo ni kwamba kuna neno jingine, katika lugha nyingine, lenye sauti karibu zile zile na maana ile ile, na ambalo liliandikwa mapema zaidi. Neno hilo ni kalamos la Kigiriki. Arthur Jeffery, katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 kuhusu msamiati wa kigeni katika Kurani, alilihesabu qalam miongoni mwa maneno yenye asili ya Kigiriki, na akazingatia uwezekano kwamba lilipitia Gi'izi, lugha ya kale ya Uhabeshi. Hadi leo, katika Kiamhari, qäläm ni wino na pia rangi. Kiebrania cha marabi nacho kina qulmus kwa maana ya kalamu. Kwa hakika, eneo zima kuanzia Uhabeshi hadi Siria lilikuwa limelipokea neno hili.

Inafaa kuongeza kwamba kuwapo kwa maneno ya kigeni katika Kiarabu si jambo lililozuliwa na Wazungu. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walilijadili, na al-Suyuti, aliyeishi kati ya mwaka wa 1445 na 1505, aliandika orodha za maneno ya aina hiyo. Neno la kukopa halimshushii hadhi mkopaji.

Kigiriki na Kilatini

Kwa Wagiriki, kalamos kwanza lilikuwa tete linaloota kandokando ya maji. Kisha likawa chochote kilichotengenezwa kwa tete: filimbi, ufito wa kuvulia samaki, mshale, na hatimaye chombo cha kuandikia. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Plato alilitumia katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus kwa maana ya kalamu ya wino. Hiyo ni takriban miaka elfu moja kabla ya Kurani.

Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, linatuonyesha maana zote mbili kwa pamoja. Katika Mathayo 11:7 kalamos ni mmea unaotikiswa na upepo, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wameandika unyasi. Katika Waraka wa Tatu wa Yohana, aya ya 13, kalamos ni chombo cha kuandikia, na wafasiri wameandika kalamu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapolikuta neno kalamu mahali hapo, anasoma neno lile lile alilotumia mwandishi wa Kigiriki, ila limemfikia kwa njia ndefu ya kupitia Arabuni.

Kilatini nacho kililikopa neno hili kutoka Kigiriki likawa calamus. Kutokana nalo kikapatikana calamarium, yaani chombo cha kuwekea kalamu na vifaa vya wino. Kiitalia kimelihifadhi kama calamaio, kidau cha wino. Hata yule mnyama wa baharini, ngisi, ameitwa calamaro na Waitalia kwa kuwa amebeba wino wake tumboni kama kidau.

Lakini Kilatini kina neno jingine linalotuhusu zaidi, nalo ni culmus, bua la nafaka. Neno hili halikukopwa kutoka Kigiriki. Limerithiwa. Kijerumani kina Halm, bua au unyasi, kwa mujibu wa kanuni inayoigeuza k ya kale kuwa h katika lugha za Kijerumani, kama vile Kilatini cor na Kijerumani Herz, yaani moyo. Tayari tunaanza kuona ukoo: kalamos, culmus na Halm ni watoto wa neno moja la Kihindi-Kiulaya cha kale, lenye maana ya bua.

Ushahidi wa lugha za Kislavi

Mtu mwenye shaka angeweza kusema kwamba Kigiriki, Kilatini na Kijerumani zilipakana kwa muda mrefu, na pengine moja ililisambaza neno kwa nyingine. Angeweza hata kusema kwamba Wagiriki walilipata neno kutoka kwa jamaa za Waarabu wa kale, kama walivyozipata herufi zao kutoka kwa Wafoeniki. Shaka hii inahitaji shahidi ambaye neno lake haliwezi kuelezwa kuwa la mkopo. Shahidi huyo ni Mslavi.

Katika Kirusi, mabua makavu yanayobaki baada ya kupura ngano huitwa soloma. Kwa Kipolandi ni słoma. Kwa Kicheki ni sláma. Kwa Kiserbia, Kikroatia na Kibulgaria ni slama, na ndivyo lilivyo pia katika Kislavi cha Kale cha Kanisa, lugha ya maandishi ya kwanza ya Waslavi ya karne ya tisa na kuendelea. Wanaisimu wanaliunda upya umbo la kale kama *solma, nyota ikionyesha kwamba umbo hilo halikuandikwa popote bali limekisiwa kwa kanuni.

Je, soloma linahusianaje na kalamos, ilhali moja linaanza kwa s na jingine kwa k? Hapa ndipo kanuni ya ulinganifu inapofanya kazi. Kihindi-Kiulaya cha kale kilikuwa na k iliyotamkwa karibu na kaakaa gumu. Katika Kigiriki na Kilatini k hiyo ilibaki k, lakini katika lugha za Kislavi iligeuka s. Angalia mifano ifuatayo:

Mia: Kigiriki hekaton, Kilatini centum (c ikitamkwa k), Kirusi sto.
Kumi: Kigiriki deka, Kilatini decem, Kirusi desyat.
Moyo: Kigiriki kardia, Kilatini cor, Kirusi serdtse.
Bua: Kigiriki kalamos, Kilatini culmus, Kirusi soloma.

Ulinganifu huu hautofautiani na ule wa lima na rima. Hakuna Mslavi aliyemsikia Mgiriki akisema kalamos kisha akaamua kuitamka k kama s. Kama Waslavi wangelikopa neno hili, wangelichukua pamoja na k yake, kwa maana k wanayo. S ya soloma inathibitisha kwamba neno hili lilikuwamo katika ukoo wa Kihindi-Kiulaya tangu kabla ya Waslavi na Wagiriki kutengana, maelfu ya miaka kabla ya yeyote kati yao kuandika. Kwa hiyo neno la Kigiriki ni la urithi, na la Kiarabu, linalofanana nalo hadi katika maana ya kuandikia, ndilo la mkopo. Kitenzi qalama hakiwezi kuueleza ukoo wenye matawi Roma, Ujerumani na Urusi. Hivi ndivyo mabua ya mkulima wa Kirusi yanavyoamua kesi ya kalamu ya Mwarabu.

Wapolandi wametuachia mfano mwingine mzuri. Pamoja na słoma, wana neno kałamarz, kidau cha wino, na Wacheki wana kalamář kwa maana hiyo hiyo. Haya yametokana na calamarium la Kilatini, na k yake imebaki k. Basi katika lugha moja neno moja la kale limeingia mara mbili: mara ya kwanza kwa urithi, likiwa na s na maana ya mabua, mara ya pili kwa mkopo, likiwa na k na maana ya wino. Mkulima alilipata kwa babu zake na karani akalipata kwa makasisi wa Kilatini.

Waserbia na Wabulgaria wana safu yao. Pamoja na slama la urithi, walipata kalem kutoka Kituruki wakati wa utawala wa Waosmani. Waturuki walikuwa wamelipata neno hilo kutoka Kiarabu na Kiajemi. Mbali na maana ya kalamu, kalem lilipata maana ya kikonyo kinachochongwa na kupandikizwa kwenye shina la mti mwingine, kwa kuwa kikonyo hicho huchongwa ncha kama tete la mwandishi. Neno lililoondoka Ugiriki likiwa tete limerudi Balkani kwa njia ya Waarabu na Waturuki, likakutana na ndugu yake slama, na wala hawakutambuana.

Jambo moja zaidi kuhusu Waslavi litawafurahisha walimu wa Nkubu. Umbo la kale *solma lilikuwa na l mwishoni mwa silabi, mahali ambapo ndimi za Waslavi hazikuivumilia. Warusi wakaongeza irabu wakapata soloma. Wacheki na Waslavi wa kusini wakaihamisha l mbele wakapata slama. R ilipokuwa mahali hapo, ilitendewa vivyo hivyo: neno la mji ni gorod kwa Warusi na grad kwa Wabulgaria. Hakuna mwanaisimu anayesema kwamba Warusi waliliharibu neno. Husemwa kwamba kila lugha ilifuata kanuni zake.

Kutoka pwani hadi Imenti

Turejee sasa nyumbani. Kituo cha utawala wa Waingereza kilianzishwa Meru mwaka wa 1908, na pamoja nacho walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliotumia Kiswahili. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, waliokuwa wamefika Kenya mwaka wa 1902, waliingia Meru mwaka wa 1911, na Wamethodisti wakafungua kituo Kaaga mwaka wa 1912. Nkubu yenyewe ingali ikijulikana kwa hospitali ya Consolata. Shule zilikuja na kusoma, kusoma kukaja na kuandika, na kuandika kukahitaji chombo. Jina la chombo hicho lilitoka kwenye Kiswahili.

Katika kinywa cha Mwimenti neno likawa karamu. Hakuna la ajabu hapa. L ya kalamu imegeuka r kama vile l ya lima inavyolingana na r ya rima. Mzungumzaji amelipa neno geni sauti aliyo nayo mahali pale pale ambapo lugha yake tayari inalingana na Kiswahili. Kigikuyu, jirani wa karibu, kimekwenda hatua moja mbele. Kwa kuwa karamu linaanza kwa ka-, silabi inayofanana na kiambishi cha ngeli ya ka-/tu-, wingi wake umekuwa tũramu. Silabi iliyokuwa sehemu ya mzizi wa Kigiriki imegeuzwa kiambishi cha Kibantu. Asiyeamini kwamba jambo hili ni la kawaida na akitazame kitabu. Ki- ya kitāb ilikuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini Kiswahili kikaifanya kiambishi na kupata vitabu.

Wamisionari wale Waitalia walikiita kidau cha wino calamaio, na watoto waliowafundisha waliiita kalamu karamu. Matawi mawili ya kalamos, moja lililopitia Roma na jingine lililopitia Arabuni na pwani ya Afrika Mashariki, yalikutana juu ya dawati moja mlimani.

Kalamu, karamu na uadilifu wa mwalimu

Sasa tunaweza kulirudia lile duara jekundu. Katika Kiswahili, kalamu na karamu zinatofautishwa na kitambaza l na kimadende r pekee. Je, hali ilikuwa hivyo tangu mwanzo? La. Katika Kiarabu, qalam huanza kwa qāf, nalo karāma, neno la ukarimu na heshima ambalo limetupa karamu, huanza kwa kāf. Ni konsonanti mbili tofauti, na Mwarabu hawezi kuzichanganya bila kuchekwa: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika mfumo wake wa sauti, hivyo kiliziunganisha zote mbili kuwa k. Maneno yaliyokuwa yametenganishwa na kuta mbili yakabaki na ukuta mmoja.

Kwa maneno mengine, Kiswahili kiliubomoa ukuta wa q na k, na Kiimenti kikaubomoa ukuta wa l na r. Sababu ni moja. Kila lugha ilipokea sauti ilizokuwa na nafasi nazo. Kama tendo la kwanza ni utohozi, la pili haliwezi kuwa uharibifu. Na kama la pili ni uharibifu, basi mswahilishaji wa qalam ndiye mharibifu wa kwanza.

Hoja hii haifuti kosa la mwanafunzi. Ndani ya Kimeru, karamu ni neno sahihi lenye historia isiyo na doa. Ndani ya Kiswahili sanifu, ambako Kamusi ya Kiswahili Sanifu inayaorodhesha maneno haya mawili kando kando, karamu ni mlo, na anayetaka chombo cha kuandikia sharti aandike kalamu. Anachopaswa kufanya mwalimu ni kulieleza kosa kwa jina lake: athari ya lugha ya kwanza inayofuata kanuni. Kosa la kanuni hufundishika. Mwalimu akiziandika ubaoni jozi za lima na rima, ulimi na rurimi, mlima na kirima, mwanafunzi ataona kwamba tayari anaijua tofauti, na kwamba anachohitaji ni kuivuka kwa makusudi anapotoka lugha moja kwenda nyingine. Kisha apewe jozi za Kiswahili zenyewe azizoee: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ulimi wake ni mzito hujifunza kunyamaza. Anayeonyeshwa kanuni hujifunza Kiswahili bila kuionea haya lugha ya mama yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kalamu liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, Kiarabu kikalipata kutoka Kigiriki, na Kigiriki kikalirithi kutoka ukoo wa Kihindi-Kiulaya ambao soloma la Kirusi na słoma la Kipolandi ni mashahidi wake wasiotiliwa shaka. Dai la kwanza, kwamba neno hili ni la Kiarabu kwa asili, limeanguka. Dai la pili, kwamba kulibadili sauti ni kuliharibu, limeanguka pia, kwa sababu hakuna lugha hata moja katika safari yote hii iliyolipokea bila kulibadili sauti au maana.

Kuna funzo hapa kwa mjadala mkubwa zaidi unaofundishwa katika vyuo vyetu, ule wa asili ya Kiswahili. Wapo ambao bado huorodhesha kalamu, karatasi na kamusi kama ithibati kwamba Kiswahili ni Kiarabu au ni nusu yake. Orodha hiyo inawasaliti. Karatasi limetoka qirṭās la Kiarabu, lakini lenyewe ni khartēs la Kigiriki, ambalo Wabulgaria wanalo kama khartiya, karatasi. Kandili ni qindīl, ambalo ni candela la Kilatini na kandilo la taa ya kanisa kwa Waserbia. Kaisari tunayemsoma katika Biblia ni Caesar yule yule ambaye Warusi walimfanya tsar. Hata kamusi, silaha ya mwanaisimu, ni qāmūs, bahari kuu, jina ambalo al-Firuzabadi aliipa kamusi yake maarufu katika zama za kati, na qāmūs lenyewe ni ōkeanos la Kigiriki. Kama maneno ya mkopo ndiyo yanayoamua ukoo wa lugha, basi Kiarabu kingekuwa Kigiriki na Kipolandi kingekuwa Kilatini. Ukoo huamuliwa na sarufi na msamiati wa msingi uliorithiwa. Kwa kipimo hicho, kama utafiti wa Nurse na Hinnebusch wa mwaka wa 1993 ulivyodhihirisha, Kiswahili kimo katika kundi la Kisabaki la lugha za Kibantu, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro.

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, hasa wanaotoka katika lugha za mlimani. Kila mmoja anaweza kukusanya maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika lugha ya kwao, akaandika sauti zilivyobadilika na ngeli ziliyoyapokea, kisha akazitafuta kanuni zake. Malighafi ya utafiti huo haiko Moscow wala Athens. Iko sokoni Nkubu, katika mazungumzo ya kila siku, na yeyote mwenye daftari na kalamu anaweza kuanza leo.